Kazi Yangu Ilikuwa Kupunguza

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimelipwa mshahara kwa kupunguza maneno ya watu. Nilikuwa mhariri wa vitabu vya ziada vya kusomwa shuleni katika kampuni moja ya uchapishaji Dar es Salaam, na kwa asiyejua, kitabu cha ziada hakianzi na mwandishi. Kinaanza na karatasi. Karatasi kubwa ya mtamboni, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa, hutoa kurasa 16. Kwa hiyo kitabu kinakuwa cha kurasa 64, 80 au 96. Kikifika 98, bosi anakuita. Hizo mbili zinadai karatasi nyingine, na mzazi wa Januari, mwenye ada na sare kichwani, hatazilipia. Basi unashika kalamu nyekundu, unaurudia muswada, unatafuta kurasa mbili ambazo hazitalia ukizikata.

Baada ya muda mkono unazijua zenyewe: maelezo ya mandhari, barua, ndoto, watu walioketi wakizungumza, mhusika wa nne na wa tano. Mtu akipigwa, akifungwa, akitoroka au akioa, hapo hukati. Akikaa akafikiri, anaondoka.

Nilianza kuitilia shaka sheria hiyo kwa sababu ya The Count of Monte Cristo, riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas. Shuleni nilikuwa nimeisoma katika kijitabu cha Kiingereza chepesi, nikaipenda sana. Nakala kamili niliipata nikiwa kazini tayari, kwa mchuuzi wa vitabu vya mtumba pale Posta: tafsiri ya Robin Buss iliyotolewa na Penguin mwaka 1996, kurasa zaidi ya 1,000. Nikaziweka mbili hizo mezani, nikazisoma sambamba, sura kwa sura, kama tunavyosoma prufu dhidi ya muswada.

Kile kijitabu hakikuwa kibaya. Edmond Dantès, baharia kijana wa Marseille, anakamatwa mwaka 1815 katikati ya karamu ya uchumba wake, anafungwa miaka 14 katika ngome ya Château d'If, anatoroka akiwa ndani ya sanda ya rafiki yake Faria, anapata hazina, anarudi tajiri na kuwamaliza waliomsaliti mmoja mmoja. Hadithi inakimbia. Aliyeifupisha alikuwa fundi, nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo.

Ila katika riwaya kamili, Dantès akishatajirika, Dumas anamwacha. Tunahamia kwa kijana mwingine, Franz d'Épinay, anayeshuka kisiwani na kukaribishwa pangoni na tajiri anayejiita Sindbadi Baharia, huyuhuyu wa Alfu Lela Ulela. Franz analishwa majuni ya kijani kwa kijiko, anaota ndoto za ajabu. Kisha tunakwenda Roma: sherehe za kanivali, majambazi, mtu anauawa hadharani. Sura kadhaa zinapita bila kisasi chochote. Mfupishaji wangu aliifuta Roma yote, na kwa kalamu yangu ya wakati ule ningefanya vivyo hivyo.

Sasa tazama kilichofuata. Roma ikiondoka, Franz hana kazi. Franz akiondoka, ndoa anayolazimishwa msichana mmoja, Valentine de Villefort, inakosa bwana harusi. Ndoa ikiondoka, babu yake Valentine, mzee Noirtier, hana sababu ya kuwamo. Naye ndiye mhusika aliyenikaa moyoni kuliko hata Dantès. Amepooza mwili mzima, hasemi. Akifumba macho ni ndiyo, akipepesa mara kadhaa ni hapana, akiyainua juu anataka kitu. Mjukuu wake anamtajia alfabeti mpaka afikie herufi, kisha anapitisha kidole katika kamusi, neno baada ya neno, mpaka macho yamwambie asimame. Kwa njia hiyo mzee huyo asiyeweza hata kufukuza nzi anaivunja ndoa asiyoitaka, tena mbele ya mwanawe aliye mwendesha mashtaka wa mfalme. Katika kijitabu changu hakuwa ametajwa hata jina.

Kitu cha pili kilichokatwa ni kizito zaidi. Karibu na mwisho, kisasi cha Dantès kinamgusa asiye na hatia: mtoto Édouard, anayelishwa sumu na mama yake mwenyewe. Dantès anauona mwili wake, na kwa mara ya kwanza hana hakika kwamba Mungu yuko upande wake. Anarudi Château d'If, ambayo sasa ni mahali pa watalii, na anasimama katika chumba chake cha zamani akisimuliwa habari zake mwenyewe na mwongoza wageni asiyejua anaongea na nani. Hakuna anayepigwa hapo, hakuna anayetoroka. Mtu amesimama akifikiri. Bila sura hiyo Dantès ni mtu aliyeonewa akalipiza, basi. Nilimweleza bosi wangu, mtu mwema na bingwa wa hesabu, kwamba kipande kama hiki kingefaa kubaki katika vifupisho vyetu. Akacheka. “Dada yangu, mwanafunzi hanunui mashaka.”

Sisemi urefu wote wa Dumas ni dhahabu. Riwaya hii ilitoka gazetini, katika Journal des Débats, kuanzia 1844 hadi 1846, Auguste Maquet akimsaidia kupanga kisa, na sisi tuliolelewa na hadithi za magazeti zenye “itaendelea” tunajua mwandishi wa mfululizo anavyovuta kamba. Karamu za Paris zilizomo ningezipunguza hata leo.

Tena kuna kukata kwa aibu. Tafsiri ya Kiingereza ya 1846, iliyotolewa na Chapman and Hall bila jina la mfasiri, ina kisa karibu chote, lakini mahali palipowatia haya Waingereza wa enzi ya Victoria pamelainishwa: ndoto ya Franz, na mapenzi ya msichana Eugénie Danglars kwa rafiki yake Louise. Tafsiri hiyo bado inachapwa upya na kuuzwa kama kamili.

Na si kila kinachorudishwa ni faida. Mwandishi Mmarekani Stephen King alipotoa riwaya yake The Stand mwaka 1978, idara ya uhasibu ya mchapishaji wake ilihofia bei ya kitabu, naye mwenyewe akaondoa kurasa za muswada zipatazo 400. Hesabu ileile ya ofisi yetu, kwa dola. Mwaka 1990 alirudisha nyingi kati ya hizo. Toleo la kwanza linaanza na gari linaloyumba jioni na kuvamia pampu za kituo cha mafuta Texas, dereva yu mahututi, na hujui kwa nini. Toleo refu linakuonyesha kwanza dereva huyo akikimbia na mkewe na mtoto wao kutoka kambi ya jeshi. Kwangu mwanzo mfupi una nguvu zaidi. Hofu ya wahasibu, kwa bahati, ilizaa mwanzo mzuri.

Kwa hiyo siwaombi wachapishaji waache kufupisha. Wanangu wamesomeshwa na kazi hiyo. Naomba waandike juu ya jalada, kwa herufi zinazoonekana, kwamba kitabu kimefupishwa na nani amekifupisha. Nawe msomaji, ukiikuta Monte Cristo kwa mchuuzi, kabla hujatoa pesa fungua orodha ya sura. Kamili ina 117. Zikipungua, bei nayo ipungue.