Sabuni Niliyoifungia Kabatini

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watoto wa chekechea huko Mbagala kunawa mikono, na niliwafundisha vibaya huku nikijua. Wazazi walioniamini wanastahili kulisikia hili kutoka kinywani mwangu.

Darasani tulikuwa na wimbo wa kunawa na picha ukutani. Watoto waliimba huku wakisugua viganja vikavu. Saa ya uji ikifika, walipanga mstari mbele ya beseni moja. Kila mmoja alitumbukiza mikono, akaisugua kidogo, akajifuta kwa taulo lile lile alilojifutia mwenzake. Wa mwisho aliyakuta maji yamekuwa rangi ya udongo. Naye nilimpigia makofi.

Sabuni ilikuwepo. Ilikaa kabatini, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Watoto wanaichezea, nilisema, wadogo wanailamba, inaisha upesi. Ilitoka walipokuja wathibiti ubora wa shule, na ilitoka tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2008. Siku hiyo tulitoa ndoo ya koki, watoto wakanawa kwa maji yanayotiririka, tukapigwa picha. Kesho yake ndoo ikarudi stoo. Maji tulinunua kwa madumu ya mkokoteni, na beseni moja lilitosha darasa zima. Hesabu yangu iliishia hapo.

Mama mmoja, mama lishe, alimleta mwanawe kwa kuchelewa akayaona yale maji. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, "haya mimi hata sahani siwezi kuoshea." Nilimjibu kwamba shule ina utaratibu wake. Alinyamaza kwa kumheshimu mwalimu, na mimi nikaitumia heshima hiyo kumnyamazisha. Muhula ule watoto wakaanza kukosekana kwa sababu ya kuhara, wa kwake akiwemo. Aliporudi alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakuna aliyeyapima maji yetu. Sikuhitaji kipimo.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa yote. Mtoto wa miaka minne hutoka chooni, huchezea mchanga wanamopita kuku, kisha hutia vidole mdomoni. Mayai ya minyoo hujificha chini ya kucha. Sabuni hulegeza mafuta na uchafu ulioshika ngozi, na maji yanayotiririka huuondoa. Ndani ya beseni uchafu hauendi popote. Humhama mtoto mmoja ukamfuata mwingine. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, unaonyesha kuwa kuhimiza unawaji wa mikono shuleni na kwenye vituo vya kulelea watoto hupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30. Wanaopungua ni watoto wenye majina, na mimi majina yao nilikuwa nayaita kila asubuhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suluhisho halikuwa la gharama. Kibuyu chirizi ni dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba, na kijiti cha kukanyagia, likaninginizwa kwa kimo cha mtoto. Maji hutoka kidogo kidogo, wala hayashiki mikono ya mtu aliyetangulia. Sabuni ya unga huyeyushwa ndani ya chupa ya maji, kifuniko kikatobolewa, basi hakuna kipande cha kulambwa. Nilipokitundika kibuyu hicho hatimaye, watoto wale wale niliowaita waharibifu walikuwa wakikumbushana kunawa bila mimi kusema neno.

Yule mama nilimfuata kwenye biashara yake, nikamweleza kila kitu na kumwomba radhi. Wazazi wengine sikuwafuata. Ninawaomba radhi hapa.

Walimu wenzangu wa awali, toeni sabuni kabatini leo, kabla ya uji. Nanyi wazazi, ombeni muonyeshwe mahali mtoto wenu anaponawia mikono, na mwalimu akiwajibu kama nilivyojibu mimi, msinyamaze.