Nilimkosea Angella Okutoyi

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ile niliyomsema Angella Okutoyi mwaka wa 2023. Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Nilisimama kando ya barabara hapa Migori, simu imeegemezwa kwenye jerikeni, nikatangaza kwa sauti kubwa: "Shule imemla huyu dem." Leo nataka kuirudia, maana imekaa ikinikera.

Kama hukufuata, hebu nikupeleke mbio mbio. Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana chipukizi, wawili kwa wawili. Okutoyi na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, halafu wakamaliza kazi 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kubeba taji la Grand Slam, hata la watoto. Na huyu ni msichana ambaye mamake alifariki akimzaa yeye na pacha wake, akalelewa na nyanya yake na kituo cha watoto pale Nairobi. Mimi tenisi naijua kwa kuitazama tu. Utotoni tulikuwa tunagonga mpira wa karatasi kwa kipande cha ubao hadi mwenye ukuta atufukuze. Lakini siku hiyo nilipiga kelele kama nimeshinda mimi.

Miezi michache baadaye nikasikia ameenda Marekani kusoma, Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Kusoma! Wakati Alex Eala wa Ufilipino, aliyebeba US Open ya wasichana Septemba hiyo hiyo ya 2022, alikuwa anazunguka dunia akicheza na watu wazima. Hapo ndipo nikatoa ile video.

Na kusema kweli, kwa muda nilionekana nabii. Machi 2025 Eala akamtoa Iga Swiatek kule Miami na kufika nusu fainali. Agosti ikaja kali zaidi: Victoria Mboko, Mkanada ambaye wazazi wake wametoka Kongo, akamchapa Naomi Osaka kwenye fainali ya Montreal. Sasa angalia tena ile fainali ya Wimbledon. Unajua nani alikuwa upande wa pili wa neti, na Kayla Cross? Mboko. Wasee mkaanza kunitumia ile video tena: "Ulisema!"

Lakini mimi nilikuwa najua kitu ambacho nyinyi hamkujua. Nilipoirekodi, nilikuwa nimetoka chuo kama miezi miwili hivi. Niliwaambia nimeacha kwa sababu digrii ni karatasi tu, na mtu mwenye akili anajitafutia. Uongo. Nilikuwa na deni la karo, jina langu likakosekana kwenye orodha ya wa kufanya mtihani, nikabeba godoro nikarudi nyumbani. Nilihitaji mtu mwenye jina kubwa aache shule ili mimi nionekane nimefanya hesabu. Okutoyi akaingia shule. Ndio nikamkasirikia.

Hesabu yenyewe nimekuja kuifanya mwaka huu, nikiwa nimechelewa. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake yanaitwa W15. Hiyo 15 ni dola 15,000, lakini si za mshindi, ni za wachezaji wote. Anayebeba kombe anaondoka na dola elfu mbili na kidogo. Anayetoka raundi ya kwanza anabaki na pesa ya chai. Ndege, hoteli, chakula, kocha, zote ni juu yako, wiki baada ya wiki. Eala alikuwa na akademia ya Rafael Nadal nyuma yake tangu utotoni. Okutoyi alikuwa na nani? Chuo cha Marekani kinampa mchezaji wake kocha, uwanja, daktari, nauli ya kwenda mechi, na juu ya hayo darasa. Mimi nilikuwa naita hiyo kuliwa na shule, manze. Na hakuacha kushinda: Machi 2024, akiwa bado mwanafunzi, alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra.

Huenda Eala na Mboko wasishikike tena. Huenda pia njia ya Auburn ikawa ndefu mno, sikatai. Ninachokataa ni vile nilivyomtumia.

Wiki jana nilipanda matatu hadi Rongo, nikaunganisha ya Homa Bay kumwona dani. Nilimkuta ameanika omena, anafukuza kuku. Nikamwonyesha Okutoyi kwenye simu, nikamsimulia yote, hata ile ya karo, ambayo hakuwa anaijua. Miaka miwili amekuwa akiwaambia majirani eti mimi niko likizo.

Alitazama simu kwa muda. Akauliza, "Huyu msichana nyanya yake bado yuko?"

Nikamwambia sijui.

"Na deni lako ni ngapi, nyakwara?"

Nikamtajia. Akanyamaza, akageuza omena upande wa pili, kisha akaniambia nirudie hiyo namba polepole.