Gundi, Samaki na Swali la Mtoto

Mwalimu anayeanza kazi hudhani kwamba somo huharibika pale mwanafunzi anapouliza swali nje ya wakati wake. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka perege 12 waliponifunza vingine.

Shuleni petu palikuwa na kidimbwi kidogo cha saruji, ambacho wanafunzi wa Darasa la Sita walikitunza kwa zamu. Maji yalichafuka upesi, nikaona heri tujitengenezee chujio: ndoo ya plastiki yenye mchanga na kokoto, bomba la kuingizia maji na jingine la kuyatoa. Nia ilikuwa njema. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, nayo huwa sumu kwao wenyewe. Bakteria wakaao juu ya kokoto huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Somo zima la sayansi lilikuwa ndani ya ndoo moja.

Dukani nilinunua silikoni ya kuzibia mianya ya bafuni. Nilipokuwa nikiipaka kuzunguka bomba, msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, hapa pameandikwa kwamba inaua ukungu. Je, haitawadhuru samaki?" Nilimwambia aketi, kwani kipindi kilikuwa kinakwisha. Alasiri ile ile tukapitisha maji. Kesho yake asubuhi perege wote walikuwa wakielea, na darasa zima lilinitazama mimi, si kidimbwi.

Ningeweza kusingizia bahati mbaya. Badala yake nilikiri mbele ya darasa kwamba mwenzao aliona nisichokiona, nikamwomba radhi, kisha nikamkabidhi uongozi wa uchunguzi.

Makosa yangu tuliyaandika ubaoni. Kwanza, nilichagua silikoni iliyotiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa ya namna hiyo yaweza kuwadhuru samaki. Pili, sikuipa muda wa kukauka. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani. Aina nyingi hutoa asidi ya siki zinapokauka, na ndiyo maana hunuka siki. Ngozi ya juu huwa kavu mapema, ilhali ndani bado ni mbichi.

Kisha tukafanya majaribio bila samaki hata mmoja. Wanafunzi walikata vipande vya ndoo, vya bomba la PVC na vya kioo, wakavisugua kwa msasa, isipokuwa kioo, wakavipaka gundi mbalimbali na kuvitumbukiza majini kwa juma zima. Gundi ya mabomba iliyeyusha kidogo uso wa PVC na kuviunganisha vipande kama kimoja. Silikoni ilishika kioo barabara. Lakini juu ya ndoo kila gundi ilibanduka kama ganda la ndizi. Tulipoigeuza ndoo tulikuta alama ya pembetatu yenye namba 2, yaani poliethilini, plastiki yenye uso mfano wa nta, ambayo gundi za kawaida haziishiki.

Basi jibu la swali letu, "Tutumie gundi gani?", likawa kwamba penye ndoo tusitumie gundi yoyote. Tulitoboa tundu, tukafunga kiungio cha skrubu chenye nati na washa za mpira, kama kile mafundi bomba wanachofunga kwenye matangi ya maji. Mabomba tuliyaunga kwa gundi yake, tukayaacha yakauke na kuyasuuza vizuri. Kwa tangi dogo la kioo la darasani tulitafuta silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki, tukaiacha siku kadhaa hadi harufu ya siki ikatoweka kabisa. Ndipo tulipoleta samaki wengine, wachache kwanza, kwa kuwa bakteria wa chujio huhitaji majuma kadhaa kuongezeka.

Ndugu mwanachuo, utakapotayarisha andalio la somo, tenga dakika za kusoma maandishi ya kila chupa na kila bomba la gundi pamoja na wanafunzi wako. Jaribu kwenye kipande kabla ya kujaribu kwenye uhai. Na mtoto akiinua mkono wakati kengele inakaribia kulia, msikilize. Mimi nilikuwa na dakika 3 tu zilizobaki, nazo zingetosha.