Ndengu Tena

Jumapili, 28 Aprili 2024
Sare zimekauka kwa moto wa jiko. Jua silioni. Kesho shule zinafungua, nami nimeshatuma pesa za chakula cha mchana cha shule: shilingi 25 kwa bangili ya kulipia ya mkubwa, 25 kwa ya mdogo. Mchana wa wiki nzima, watoto wawili, kwa pesa ambazo kibandani zingenipa sahani moja ya githeri. Bado siamini kila nikisoma ujumbe wa M-Pesa. Bangili zenyewe zilipotea likizo yote, leo zimetoka chini ya godoro. Nimezifunga kwenye mikoba yao kwa uzi. Nilale.

Jumatatu, 29 Aprili
Wameahirisha! Tangazo la usiku wa manane. Tumelisikia redioni mkubwa akiwa na soksi moja mguuni. Eti hadi tarehe 6. Watoto wameruka kwa furaha, mimi nimeketi kitandani napiga hesabu. Majirani wanazungumzia masomo, mitihani. Mimi kichwani ni saa sita tu. Saa sita watakula nini?
Si kwamba sielewi. Mto Ngong umebeba nyumba za watu hapo chini, kuna waliohamia madarasani na magodoro yao. Mahali pa mtoto kusoma ni wapi hapo? Naelewa yote. Ila tumbo halisikilizi redio.

Alhamisi, 2 Mei
Tumeketi kando ya barabara na kina mama wenzangu mpaka saa nane. Hakuna aliyekuja kutuita kufua. Nani atafuliwa nguo kwenye mvua hii, aanike wapi? Mvua iliyofunga shule ndiyo iliyofunga kibarua. Vyote siku moja.
Ingekuwa siku ya shule, ningerudi mikono mitupu nikijua wao wamekula. Njaa ingekuwa yangu peke yangu, na hiyo tumezoeana. Leo tumegawana. Unga wa deni, sukuma ya shilingi 20, mafuta ya kupimiwa. Mama wa duka ameandika bila kuniangalia usoni. Afadhali angegomba.

Ijumaa, 3 Mei
Sasa hata tarehe hakuna. Mpaka watakapotangaza tena.
Mdogo ameuliza kama bangili ikigusishwa hapa nyumbani inatoa chakula. Kaka yake akamcheka. Yeye akaigusisha kwenye sufuria, akalia “tii!” kwa mdomo kama kifaa cha shuleni, akafunua kifuniko achungulie. Nimecheka nao. Halafu nikatoka nje nikajifanya naangalia mtaro.

Jumatano, 8 Mei
Imetangazwa: Jumatatu, tarehe 13. Haya. Nimevuta pumzi.
Mama amepiga simu kutoka nyumbani. Nikamweleza, akakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya shuleni. Mimi nilikuta mwisho mwisho wake, zile pakiti za pembetatu. Siku ya maziwa hakuna mtoto aliyeumwa na kichwa! Hata wale wa kuchunga ng’ombe walifika, miguu imejaa umande. Yalianza 1979, mama anakumbuka wakubwa zangu wakiyaleta nyumbani wamekunywa nusu ili wadogo waonje. Kisha yakapungua, yakakoma. Hakuna siku tuliyoambiwa ndiyo ya mwisho.
Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, kuliko mvua. Dishi na County, mpango huu wa bangili, umeanza juzi tu, 2023. Uchaguzi upo 2027. Mtu mwingine akiingia ofisini akaona zile shilingi ambazo kaunti inaongeza juu ya 5 yangu kwa kila sahani ni nyingi mno, je? Basi, nisijitafutie presha. Jumatatu kwanza.

Ijumaa, 10 Mei
Sikukuu ya kupanda miti. Huku kwetu mti utaupanda wapi, juu ya mabati?
Jirani wa chumba cha pili amekuja kuomba kiberiti, akakaa. Mtoto wake anasoma shule ile ya kibinafsi ya mabati kwa sababu ya serikali ilikuwa imejaa. Pale hakuna bangili. Analipa karo, na chakula ni juu yake. “Wewe una bahati, mama,” akaniambia. Sikujua nimjibu nini. Vyumba vyetu vinatenganishwa na bati moja, kodi ni ileile, na mvua inatunyeshea sawa. Bahati gani hii inayochagua mlango?

Jumatatu, 13 Mei
Wamekwenda! Na jua limetoka, na kibarua nimepata. South B, orofa ya nne, mapazia na mablanketi. Saa sita na nusu nilikuwa na povu mpaka viwikoni, nikawaza: sasa wako kwenye foleni. Nikaendelea kusugua.
Zamani saa hiyo ningeomba ruhusa nikimbie kuwapikia, mwenye nguo anune, jioni anipe nusu. Leo nimelipwa 500 kamili. Wanaopima faida ya chakula cha shule huhesabu vichwa darasani, na alama. Nusu siku yangu hii, nani aliwahi kuiandika? Nimelipa 200 kwa mama wa duka. Ameniangalia usoni.

Alhamisi, 16 Mei
“Ndengu tena!” Mdogo, amenuna mlangoni. Eti anataka maharagwe. Nimemwangalia huyu mtoto ambaye juzi alikuwa anachungulia sufuria tupu. Leo anachagua. Lalamika, baba, lalamika sana.
Kaka yake anasema hata binti wa mwalimu yuko foleni hiyohiyo, anagusisha bangili kama wao. Kifaa kinalia sawa kwa wote. Sisi tulikuwa tukisomewa majina mbele ya gwaride, nani hajaleta mahindi. Bado nasikia jina langu.
Kesho nakwenda na jirani kwa mwalimu mkuu kuulizia nafasi ya mwanawe. Darasa limejaa, hilo najua. Atasema muhula ujao, tutaandikisha jina na tarehe. Jirani aje na cheti cha kuzaliwa, nakala mbili. Nimkumbushe asubuhi kabla hajatoka.