Taa za Wenzetu



Naandika haya nikiwa nimetoka zamu ya usiku, macho bado yananiwasha, kwa hiyo mkikutana na maneno makali mnivumilie. Wengi wetu hapa Uingereza tunaohudumia wazee majumbani mwao tunaishi ndani ya magari. Kwangu mimi ni vijiji vya nje ya Northampton: nyumba moja hapa, nyingine maili sita mbele, na katikati barabara nyembamba yenye ua wa miti pande zote mbili, bila taa hata moja ya barabarani. Mwezi wa 12 jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kuanzia hapo hadi asubuhi unategemea taa, zako na za mwenzako anayekuja.

Na mwenzako anayekuja hajali. Yupo anayewasha ful akitoka kwake akaizima akifika. Yupo mwenye gari chongo, taa moja imekufa, ukimwona kwa mbali unampimia nafasi ya pikipiki, kumbe ni gari zima linakuja. Yupo aliyewasha taa za ukungu usiku ambao nyota zinahesabika, ilhali kitabu cha sheria za barabarani cha hapa, kanuni ya 226, kinasema taa hizo ni za pale uonapo vibaya sana, kwa kawaida chini ya mita 100. Na siku hizi yupo huyu mpya, aliyenunua balbu za LED kwenye intaneti akazipachika kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za halojeni. Taa ile ndani yake imepimwa kufuata kiuzi kidogo kinachowaka mahali pamoja. Ukiweka kitu kingine, mwanga unatawanyika ovyo, sehemu barabarani, sehemu mitini, na sehemu kubwa machoni mwangu. Mwenyewe anaona weupe mbele yake, anajisifu amepata taa.

Hebu tupige hesabu. Barabara hizi za vijijini kwa kawaida zinaruhusu maili 60 kwa saa, yaani karibu mita 27 kila sekunde. Ukipigwa ful, hata gari likishapita, macho yanataka sekunde kadhaa kurudi. Chukua tatu tu: umeendesha mita 80 bila kuona. Na umri ukienda, macho nayo yanachelewa zaidi kurudi. Mimi nimevuka miaka 50, hilo sihitaji kuambiwa na daktari.

Lakini kabla sijawamaliza Waingereza, nikiri kwamba nilipofika huku Ukerewe mwaka 2003 sikuijua lugha yao ya taa. Siku moja, wiki ya pili tangu nipate gari, nilikuta mtaa umebanwa na magari yaliyoegeshwa, nafasi ya kupita gari moja tu. Anayekuja mbele akanipigia taa. Kwetu mtu akikupigia taa namna ile anasema: mimi ndiye ninayepita, usithubutu. Nikasogea pembeni, nikangoja. Akapiga tena. Nikazidi kujibana. Alipopiga mara ya tatu nikaanza kumwogopa. Mwishowe akapita yeye, akiniangalia kama mtu aliyeona mbuzi ameshika usukani. Rafiki niliyekuwa nabeba naye boksi katika ghala moja alicheka mpaka akakaa chini. "Alikuwa anakwambia upite wewe!"

Kumbe wote wawili tulikosea. Kitabu chao, kanuni ya 110, kinasema kumpigia mtu taa ni kumjulisha kuwa upo, basi. Siyo "pita", siyo "nakuja", siyo "asante". Mwalimu wangu wa udereva alikuwa na usemi wake juu ya hilo: aliyekupigia taa halipi bima yako. Na wale tuliozoea kuonyana kwa taa kwamba askari wako mbele, tuwe waangalifu, maana hapa unaweza kushtakiwa kwa kumzuia polisi kufanya kazi yake.

Binamu yangu aliyeko Maskati anasema kule ukiwa njia ya kushoto, ile ya wenye haraka, taa ikipigwa nyuma yako maana yake ni moja tu: toka. Na jirani yangu wa hapa, mtu wa Bujumbura, alinifungua macho kwa jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Kwao wanaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yanatoka Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi Watanzania. Taa za gari la Japani zimetengenezwa kumulika mbali zaidi upande wa kushoto, ukingoni, wanakopita watembea kwa miguu. Lipeleke gari hilo Burundi, kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unamchoma macho hata ukiwa umewasha dimu, na hujavunja adabu yoyote. Ndiyo maana ukivusha gari lako la Uingereza kwenda Ufaransa au Ubelgiji kusalimia ndugu, unatakiwa urekebishe taa au uzibandike vile vibandiko vinavyouzwa bandarini. Wengi wetu hatubandiki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika.

Mwaka 2019 nilirudi nyumbani Tanga kwa msiba wa mama mdogo. Likizo ilikuwa fupi, na siku ya kurudi Dar es Salaam kuwahi ndege tulichelewa kuondoka, maana msibani huagi mara moja ukamaliza. Segera tulifika giza limeshaingia. Mimi nilikuwa naendesha gari la kuazima, pembeni yangu amekaa mjomba, ambaye alikula ujana wake wote kwenye malori ya Tunduma.

Mjomba alinifundisha njiani kama vile sijawahi kushika usukani. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, dereva anakwambia njia nyeupe, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Linalokuja likiwasha ya kulia wakati mnapishana usiku, linakuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Ukikuta majani ya mti yametandazwa kwenye lami, punguza mwendo, mbele kuna lori limeharibika na huenda halina taa hata moja. "Haya hukuyakuta kwenye kitabu chako cha Ulaya," akasema, na kweli sikuyakuta.

Tulipopita Mkata likatokea lori mbele, ful imewaka, na juu ya kichwa chake kuna safu nyingine ya taa. Nikashusha zangu kwa adabu. Halikushusha. Nikapiga mara mbili kulikumbusha. Halikushusha. Ndugu zangu, hasira ilinipanda, hasira ya msiba na ya usingizi. Nikasema kama ni hivyo na wewe uone. Nikawasha ful, nikaiacha.

"Sasa mmekuwa vipofu wawili, mjomba," alisema, wala hakupaza sauti.

Sikuona chochote ila weupe. Lori likapita, gari letu likatikisika kwa upepo wake, na katika lile giza linalofuata nikaona kitu cheusi mita chache mbele, kipana kuliko mtu. Nilikanyaga breki na kuvuta usukani kulia. Ilikuwa baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Haikuwa na taa, wala kitu chochote cha kung'aa. Mwenyewe alijitupa mtaroni.

Tulisimama. Lori halikusimama, na sidhani dereva wake alijua. Nilishuka miguu ikinitetemeka, nikimwomba Mungu vitu ambavyo sijamwomba tangu utotoni. Alikuwa kijana, sidhani kama alifika miaka 25. Goti limechubuka, ndala moja haionekani, gunia moja limepasuka. Akasimama, akajipangusa, akamwamkia mjomba shikamoo. Kisha akasema: "Samahanini wazee wangu. Niliona taa nyingi, nikajua mnaniona."

Yeye ndiye aliyetuomba radhi.

Tuliokota mkaa pamoja kwa mwanga wa gari letu, taa nimezishusha, mjomba anamulika mtaroni kwa simu. Fedha nilizompa alizipokea, ila alichoomba mwenyewe ni kamba ya kufungia gunia. Hatukuwa nayo. Mjomba akavua mkanda wake wa suruali.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi tukikutana kwenye maulidi na harusi zetu hapa, na kila mara mbaya wake alikuwa dereva wa lori. Nilikuwa nikikubali kosa langu kidogo, kwa kupunguza uzito, lakini mwenye dhambi alikuwa yule aliyeanza.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa napeleka mzigo London, kwenye ghala linalokusanya vitu vya kupakia kontena la Dar es Salaam. Buti lilijaa: masanduku ya vitabu vya shule, cherehani, kiti cha magurudumu nilichopewa na familia ya mzee niliyekuwa namhudumia, Mungu ampumzishe. Viti vya nyuma navyo vilijaa. Nikaingia barabara kuu ya M1 usiku. Nyuma sikuona kitu kwa wingi wa mizigo, ila mbele niliona vizuri mno. Nikashangaa watu wa usiku ule wamepatwa na nini. Gari nikiikaribia inanikwepa, inahama njia. Nilipokuwa bado kwenye barabara ndogo, waliokuja mbele walinipigia taa karibu wote. Mmoja nilimrudishia ful, kwa mazoea.

Niliposimama sheli kuweka mafuta, mzungu mmoja wa makamo aliyekuwa nyuma yangu akanifuata. Kwa upole kabisa akaniuliza kama najua kwamba taa zangu zinamulika juu ya miti. Nikamwambia nimewasha dimu. Akasema anajua. Akaniomba niketi ndani, akanionyesha kigurudumu kidogo upande wa usukani, kimeandikwa 0, 1, 2, 3. Ukipakia nyuma, gari linakaa kitako na pua inainuka, taa nazo zinainuka. Kigurudumu kile ni cha kuzishusha.

Gari hilo nilikuwa nalo mwaka wa sita. Nilidhani kigurudumu kile kinapunguza mwanga wa dashibodi. Niliwahi kukizungusha mara moja, nikaona hakuna kilichobadilika, nikakisahau. Na miaka yote hiyo nimekuwa nikipakia: mizigo ya kontena, vyombo vya shughuli zetu, watu watano na watoto wao kwenda Coventry na Reading. Nilikaa pale sheli hadi mtu wa nyuma akapiga honi.

Kesho yake nilimpigia mjomba simu, nikamsimulia, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekatika.

"Basi huenda na yule wa Mkata alikuwa amebeba, mjomba," akasema. Kisha akaniuliza mzigo utafika lini.

Kwenye mzigo ule nilikuwa nimeweka vizibao sita vya njano, vile vinavyong'aa vikipigwa na taa, tulivyokuwa tukivaa ghalani. Nilimwagiza agawe kwa wauza mkaa wa pale njiani. Wiki iliyopita ameniambia viwili ameviona vimevaliwa na bodaboda wa Korogwe, hivyo vinne vingine bado anaviulizia.