Mizani ya Sonara

Msomaji mpenzi, tangu zamani mwanadamu amependa kujipamba. Aliyekosa dhahabu alivaa fedha, aliyekosa fedha alivaa shaba, na aliyekosa shaba alitunga shanga za mbegu akazifunga shingoni. Sikusudii kuilaumu tamaa hiyo, kwani ndiyo iliyonilisha mimi na watoto wangu. Mimi ni sonara. Ninacho kiduka kidogo katika Mji wa Kale wa Mombasa, chumba kimoja chenye fuawe, tupa, koleo, moto wa gesi na mizani, na humo nimefua pete, vipuli, vikuku na mikufu kwa miaka mingi. Ninalotaka kukueleza ni jinsi nilivyojiona mwaminifu kwa muda mrefu, na jinsi swali la binti mmoja lilivyonionyesha kuwa uaminifu wangu ulikuwa nusu.

Kazi hii nilifunzwa na marehemu mjomba wangu. Siku ya kwanza hakunipa nyundo wala tupa, alinikalisha mbele ya mizani akaniambia, "Mwanangu, sonara anaweza kumwibia mtu kwa njia tatu: kwa mizani, kwa mchanganyiko na kwa vumbi la tupa. Ukijilinda na hizo tatu utalala usingizi." Maneno yake yalikuwa na maana kubwa. Dhahabu safi ni ya karati 24, nayo ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Basi huchanganywa na fedha au shaba ipate ugumu. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24, yaani gramu 7.5 katika kila gramu 10. Fundi asiye na haya akipunguza dhahabu akazidisha shaba, jicho la mnunuzi halitamtambua upesi. Na mtu aletapo bangili ya marehemu mama yake ifuliwe upya, vumbi linaloanguka chini ya tupa ni mali yake, si mali ya fundi.

Nilizishika amri hizo. Nilipima mbele ya mteja, nikaandika karati katika daftari, nikarudisha vumbi katika karatasi iliyokunjwa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sikupoteza mali ya mtu. Kwa hiyo nilijihesabu katika watu wema, na wala sikuona haja ya kujiuliza neno jingine.

Siku moja alikuja msichana mwalimu pamoja na mchumba wake kuagiza pete za ndoa. Nilimpima kidole, nikamwonyesha mifano, nikamtajia bei, naye akaikubali. Kisha akaniuliza, "Mzee, dhahabu hii imetoka wapi?"

"Kwa dalali, mwanangu," nikamjibu.

"Na dalali aliipata wapi?"

"Kwa wachimbaji wa bara."

"Nao waliichimba kwa hali gani?"

Hapo ulimi wangu ulikauka. Niliujua uzito wa dhahabu ile hata sehemu ya mia ya gramu, nilizijua karati zake, lakini sikulijua hata jina la kijiji ilikotoka. Binti yule hakunitusi. Alisema kwa upole kuwa angependa kuingia katika ndoa na kitu ambacho hakikumliza mtu, akaniomba nimpelekee habari siku nitakapojua. Alipokwenda zake nilibaki nikiitazama mizani yangu, nikaona kuwa ilikuwa imepima kila kitu isipokuwa kile alichokiuliza.

Mwezi uliofuata nilisafiri hadi kaunti ya Migori, ambako watu wengi hupata riziki kwa kuchimba dhahabu kwa mikono. Huko niliona vijana wakishuka kwa kamba katika mashimo membamba yaliyozuiwa kwa magogo, wakipanda na magunia ya mawe. Mawe yale husagwa hata yakawa unga, na unga husuuzwa kwa maji ili udongo mwepesi uende zake na uzito ubaki. Kisha hutiwa zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu, vikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo hutiwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke, na dhahabu hubaki peke yake katika kikaango.

Nilimkuta mama mmoja akiifanya kazi hiyo ya mwisho penye jiko la makaa, mtoto mchanga mgongoni mwake. Alikuwa ameikanda zebaki kwa vidole vitupu. Mvuke ulipanda usoni pake, naye akageuza shingo kidogo kama mtu akwepaye moshi wa kuni. Lakini, msomaji, mvuke ule si moshi wa kuni. Zebaki ikivutwa pumzini huingia mwilini, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hutetemesha mikono, huharibu figo. Isiyovutwa huanguka katika udongo na mito; huko hugeuka sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikawaingia walaji. Walimwengu walifunzwa jambo hilo kwa machungu katika mji wa Minamata, huko Japani. Mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa ajabu uliowalemaza watu wa mji huo, na baadaye ikathibitika kuwa uliwajia kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda zenye zebaki. Mkataba wa mataifa wa kuipunguza zebaki, uliofanywa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, una jina la mji huo. Na leo hakuna kazi ya binadamu inayotoa zebaki nyingi hewani kuliko uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Nilimwuliza mama yule, kwa msaada wa kijana aliyetufasiria, "Mama, hujui kuwa mvuke huu ni sumu?"

Alinitazama toka viatu mpaka kofia. "Ninajua," akasema. "Watu wa afya walikuja wakatuambia. Walituonyesha chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija, ambacho huunasa mvuke ukapoa ukarudi kuwa zebaki. Lakini chombo kile kina bei, na kazi yake ni ya polepole, na dalali hunilipa sawasawa nikikitumia au nisipokitumia. Wewe, baba, ambaye ni mnunuzi, umepata hata siku moja kulipa zaidi kwa dhahabu isiyo na sumu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mkosaji, nikaonyeshwa kuwa jina langu limo katika orodha. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa maembe na samaki, kwa sababu kibaya chao hunuka. Lakini dhahabu haina harufu. Iliyochimbwa kwa haki na iliyochimbwa kwa dhuluma hung'aa mng'aro mmoja, huyeyuka katika moto mmoja, hulala katika mizani kwa uzito mmoja. Basi katika biashara ya mapambo, chema hakiwezi kujiuza mpaka muuzaji akisemee.

Niliporudi Mombasa niliweka kanuni mpya katika duka langu. Ya kwanza ilikuwa kutumia dhahabu ya zamani kadiri inavyowezekana. Madini haya hayaozi wala hayachakai kwa moto. Bangili ya bibi yaweza kuwa mkufu wa mjukuu, na mkufu ukawa pete ya kilembwe, pasipo kuchimbwa shimo jipya. Kila aniuziaye dhahabu kuukuu huonyesha kitambulisho chake, nisije nikawa kapu la wezi. Ya pili, dhahabu mpya ninunue kwa mwenye leseni tu, na itoke katika kikundi chenye kibali ambacho hutumia chombo cha kunasa mvuke, nami niongeze juu ya bei ya soko. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, ikawafungulia njia ya kupata vibali. Si haki sisi wanunuzi tuipite njia hiyo kwa kuwa ni ndefu. Ya tatu, nisiguse pembe ya ndovu wala gamba la ng'amba, hata mteja aniapie kuwa ni urithi. Nchi hii ilichoma tani 105 za pembe za ndovu mwaka 2016 ili kuutangazia ulimwengu kuwa pembe ni mali ya ndovu aliye hai. Siwezi kuzifufua kwa tupa yangu. Anayetaka weupe humpa mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa vizuri, na asiye na fedha nyingi humfulia shaba ya manjano iliyoyeyushwa kutoka katika mifereji na makufuli mabovu, kama wafanyavyo mafundi hodari wa Kibera, Nairobi.

Usidhani, hata hivyo, kuwa dhahabu ya zamani haina hatia. Dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, wenyeji walikuwa wamekwisha kuahidiwa na sheria ya mwaka 1930 kuwa ardhi yao haitatwaliwa bila kulipwa ardhi nyingine. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliibadili sheria hiyo, ili migodi ipate nafasi na mwenye shamba alipwe fedha tu. Nani awezaye kuapa kuwa chembe ya dhahabu ya siku zile haimo katika kidani cha leo? Kuyeyusha hakuoshi dhambi ya zamani. Kuyeyusha huzuia mpya, na hiyo si kazi ndogo.

Sasa nitakwambia gharama yake, maana anayesifu wema asiseme bei yake ni mdanganyifu. Mwaka mmoja nilipata ombi la harusi kubwa: mikufu, vikuku na vipuli vya bibi arusi na ndugu zake. Kazi hiyo ingetulisha miezi mingi. Nilihesabu gharama, nikataja bei. Siku ya pili alikuja dalali wangu wa zamani na dhahabu isiyo na hati, bei yake nafuu, akasema, "Bwana Fundi, nani atajua?" Wenye harusi nao walinitumia habari kuwa nikishusha bei kazi ni yangu. Kodi ya duka ilikuwa imelala miezi miwili. Nilikesha nikihesabu, na kila nilipofunga macho nilimwona yule mtoto mgongoni mwa mama yake. Asubuhi nilikataa.

Ungependa nikwambie kuwa wema wangu ulilipwa papo hapo. Haukulipwa. Kazi ilikwenda kwa fundi mwingine, na mimi, nisiyeweza tena kulipa mishahara miwili, nilimwachisha kazi kijana mmoja niliyemfunza tangu utoto wake. Aliajiriwa na fundi yule yule aliyepata kazi ya harusi, akaifua dhahabu ile ile niliyoikataa. Hapo nilifahamu jambo ambalo mjomba hakunifunza: kuwa mtu akijitwalia sifa ya uadilifu, aghalabu sehemu ya gharama hulipwa na mwingine ambaye hakushauriwa. Sijutii kukataa. Ninajuta kuwa sikumkalisha kijana yule nikamweleza hesabu kabla ya kuamua, kwa maana mkate ule ulikuwa wake pia. Tangu siku hiyo daftari la duka liko wazi kwa kila afanyaye kazi humu, na hatuvunji wala hatufungi jambo kubwa pasipo kushauriana.

Yule mwalimu nilimpelekea habari kama nilivyoahidi. Alinisikiliza, kisha siku ya pili akaniletea kipuli kimoja cha nyanya yake, ambacho mwenziwe alipotea zamani. Kilitosha pete yake, na pete ya mume tuliifua kwa dhahabu ya kikundi cha Migori. Pamoja na pete niliwapa karatasi iliyoandikwa uzito, karati na asili ya kila moja. Katika karatasi ya kipuli niliandika: "Dhahabu ya nyanya, kabla yake, asili haijulikani." Mwalimu aliisoma akasema kuwa mstari huo ndio uliomfanya aiamini mingine yote.

Msomaji kijana, huenda usiwe sonara. Huenda utauza nguo, utajenga nyumba, utalima chai au utakalia kiti cha ofisi. Lakini kila kazi ina mizani yake, na kila mizani ina vitanga viwili. Katika kimoja tunaweka bidhaa, na macho yetu yote huwa hapo. Katika cha pili wako watu walioileta bidhaa mpaka mkononi mwetu, ambao hatuwaoni, nao hawana sauti ila ile tutakayowaazima. Ukiulizwa, "Kitu hiki kimetoka wapi?" usikasirike, wala usitafute maneno matamu. Jibu unachokijua, kiri usichokijua, kisha funga safari ukakitafute.