Amplifaya mbili kwa spika moja: ugawe sauti wapi?

Leo tuweke kando msimbo na hifadhidata, tuzungumzie spika. Msihofu, kompyuta itaingia tu, haikosi.

Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikishughulikia spika mbili za marehemu baba. Ni KEF Chorale, za Uingereza, za miaka ya 1970. Ndani ya kila kasha mna wufa ya inchi 8 iitwayo B200, ya kutoa sauti nzito, na twita iitwayo T27, ya sauti nyembamba. T27 hiyo ndiyo iliyotiwa pia kwenye LS3/5A, spika ndogo mashuhuri iliyobuniwa na BBC. KEF hawaitengenezi tena. Ukiiunguza na ukataka ya KEF yenyewe, kazi yako ni kutafuta kuukuu ng'ambo na kuomba Mungu ifike nzima.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu mkubwa hataki ziguswe kabisa. Mama anataka santuri zake za rumba zisikike vizuri, ila ametoa sharti moja: lolote nitakalofanya liweze kurudishwa lilivyokuwa. Mwenye duka mmoja mjini naye alikuwa na jibu tayari: nunua amplifaya ya pili, moja ibebe besi, nyingine ibebe twita, na nguvu itakuwa maradufu.

Je, ni kweli? Jibu linategemea jambo moja tu: sauti inagawanywa wapi.

Ndani ya kasha la spika kuna kigawa sauti, yaani koili na kapasita chache. Hizo ndizo zinazopeleka sauti nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita. Angalia mpangilio wake: muziki wote huingia kwenye amplifaya, hukuzwa wote, ndipo unagawanywa. Sasa ukileta amplifaya ya pili na kuacha kigawa sauti mahali pake, kila amplifaya bado inakuza muziki wote. Umeme inaoutoa unapungua, kwa kuwa inabeba spika moja tu, lakini volti inazopaswa kufikia ni zile zile. Ikifika mwisho wa volti zake, itakata vilele vya sauti na kukwaruza kama zamani. Maradufu aliyoisema mwenye duka huioni.

Waandishi wa programu mtanielewa haraka. Ni sawa na kuvuta rekodi zote milioni moja kutoka hifadhidata, kisha kuzichuja kwenye ukurasa wa mtumiaji. Ukiongeza seva ya pili nayo ivute milioni ile ile, hujatatua kitu. Chuja kwanza, kazi nzito ifuate.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kilele cha besi kinahitaji volti 20, na cha sauti nyembamba volti 20 pia. Vikikutana, amplifaya moja inahitaji kufika volti 40. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni amplifaya ya wati 100. Lakini ukigawanya sauti kabla ya amplifaya, kila moja inahitaji volti 20 tu, na hiyo ni wati 25. Amplifaya mbili za wati 25 zinafanya kazi ya moja ya wati 100! Zaidi ya hapo, koili haikai tena kati ya amplifaya na wufa, kwa hiyo amplifaya inaishika wufa vizuri zaidi.

Wala si jambo geni. BBC walipobuni spika yao ya studio LS5/8, kila kasha lilipewa Quad 405 yake yenye njia mbili, moja kwa wufa na nyingine kwa twita, na ugawaji ulifanywa kabla ya kukuza. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alichapisha makala kuhusu ugawaji wa namna hiyo. Mwenzake wa huko huko, Russ Riley, alishiriki katika ubunifu huo, na mpaka leo unaitwa Linkwitz-Riley. Wa daraja la nne hukata desibeli 24 kwa kila oktava, na pale pa kugawia kila upande huwa chini kwa desibeli 6, hivyo pande mbili zikijumlishwa sauti inabaki sawa.

Nami nimetumia huo, lakini ndani ya kompyuta. Kompyuta ndogo ya Linux, kadi ya sauti yenye matokeo manne, na programu huria iitwayo CamillaDSP. Nimegawa kwenye hezi 3,000. Amplifaya ni mbili za kawaida, za mtumba, wala hazifanani. Tofauti ya ukuzaji wake nimeisawazisha kwa programu, nikipima kwa maikrofoni.

Kuhusu sharti la mama: sikutoboa mbao popote. Vigawa sauti vya zamani nimevifungua, nikavipiga picha, nikaandika lebo kwa kila waya, vyote vimo kwenye katoni na skrubu zake. Kibao chenye vituo vinne kimekaa kwenye tundu lile lile la nyuma.

Ukitaka kujaribu, shika haya matatu.

Kwanza, usiunganishe kamwe amplifaya mbili kwenye spika ambayo wufa na twita bado zimeungana. Amplifaya moja itakuwa inasukuma umeme ndani ya nyingine, na utanunua moshi.

Pili, ilinde twita. Stima zikipotea na kurudi ghafla, au programu ikianguka, mshindo mmoja wa besi unatosha kuiua. Nimeweka kapasita ya maikrofaradi 20 mbele ya kila T27. Kwa omu 8 inaanza kuzuia karibu na hezi 1,000, chini sana ya mahali pangu pa kugawia. Kompyuta huwashwa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima ni kinyume chake.

Tatu, kabla ya kununua chochote, pima kapasita za zamani. Zikikaa miongo mingi, baadhi hupoteza kipimo chake. Kuzibadilisha ni rahisi kuliko amplifaya ya pili, na huenda ukaridhika ukaishia hapo.

Matokeo? Kwa sauti ya chini, ya mazungumzo sebuleni, sidhani mgeni angetambua tofauti. Ukiongeza sauti ndipo unasikia: besi inapopiga, gitaa halitikisiki tena. Mama amesikiliza pande mbili za santuri bila kusema neno, kisha akaniuliza kama kompyuta lazima iwe pale mezani. Kaka amekuja, ameikagua katoni, akasoma lebo moja moja, halafu akaiweka juu ya kabati mwenyewe. Hajasema nivirudishe. Wala hajasema nisivirudishe.